Alama za Piano Kuukuu: Zisome Kabla ya Kushika Spana (Mwongozo kwa Mafundi wa Tabora na Kigoma)

Piano kuukuu ukiifungua ina maandishi kuliko kabati la karani. Kuna namba zilizogongwa kwenye mbao, herufi za dhahabu kifunikoni, picha za medali, mihuri ya chuma, na penseli za mafundi waliotangulia. Wengi huyaruka yote wakatafuta kitu kimoja, mwaka wa kutengenezwa, ili wamwambie mwenye mali kwamba piano yake ni ya thamani. Mwaka ni habari ndogo. Alama zinazookoa nyuzi ni zile zinazokuambia piano ilikusudiwa ivutwe hadi sauti gani, waya wa unene gani umekaa wapi, na noti inayoitwa B humo ndani ni B ipi.

Huku magharibi alama hizo zinakuja kwa lugha tatu. Tabora na Kigoma zilikuwa chini ya Wajerumani hadi 1916, Wabelgiji wakaingia wakaacha bandari yao Kigoma, kisha Waingereza. Kabla yao Mapadre Weupe, wengi wao wasemaji wa Kifaransa, walikwisha kufika Ujiji na Tabora, na Wamoravian kutoka Ujerumani walipokea Urambo mwaka 1898. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Piano ya kusimama ina kilo 200 hadi 250, si mzigo wa kubebwa kichwani. Kwa hiyo usishangae piano moja kuwa na jina la London mlangoni, yaani kwenye kifuniko cha vitufe, maneno ya Kijerumani kwenye chuma na mtambo wa vinyundo wa Paris.

Vifaa na namna ya kufungua

Beba tochi yenye mwanga mwembamba, kioo kidogo cha mkononi, brashi laini ya rangi ya inchi 1, chaki nyeupe, kalipa au maikromita inayosoma mpaka sehemu ya mia ya milimita, penseli laini, daftari, na simu yenye kamera na programu ya kupima sauti. Usibebe mafuta ya kulainisha. Yasipokuwepo hutajaribiwa kuyatumia.

Inua kifuniko cha juu. Ndani, kulia na kushoto, kuna vibao au ndoano zinazoshika ubao wa mbele. Zigeuze, inua ubao huo na uuweke mahali hautaangukiwa na mtoto. Ubao wa chini, ule wa juu ya pedali, unashikwa na springi ya bati: isukume juu, ubao utajivutia kwako. Hapo fanya subira kwanza. Piga picha kabla ya kupiga brashi, kwa sababu vumbi lenyewe hushika maandishi ya chaki na penseli hafifu, na brashi moja tu inaweza kufuta habari ya miaka 80.

Alama iliyogongwa kwenye mti na isiyosomeka, iangazie kwa tochi kutoka pembeni, mwanga ukilala sambamba na ubao. Kivuli kitaingia kwenye mashimo ya herufi. Ikigoma, pitisha chaki kwa ubapa juu ya uso wake bila kukandamiza: uso utageuka mweupe, herufi zibaki nyeusi. Usipige msasa kamwe.

Jina lililo mlangoni

Jina la dhahabu kwenye kifuniko cha vitufe ndiyo alama isiyoaminika kuliko zote. Maduka ya muziki ya Ulaya na Marekani yaliagiza piano kiwandani na kuzibandika majina yao. Jina lenye mji wa London linaweza kuwa la muuzaji tu. Mtengenezaji wa kweli mtafute ndani: kwenye fremu ya chuma, nyuma ya ubao wa sauti, au ubavuni mwa kitufe cha kwanza.

Mtambo wa vinyundo nao una jina lake, ambalo mara nyingi si la kiwanda cha piano. Ukiona "Schwander" au "Herrburger" kwenye reli ya mtambo, hao walikuwa watengenezaji wa mitambo Paris waliouzia viwanda vingi. "Renner" ni kampuni ya Stuttgart iliyoanza 1882. Mitambo kama hiyo huwa na namba yake, na hapo ndipo watu hukosea wakaichukua kuwa namba ya piano.

Medali zilizochorwa zinasema maonyesho ya Paris 1867, 1878, 1889, Vienna 1873, Philadelphia 1876, Chicago 1893. Mwaka huo ni wa tuzo. Piano haiwezi kuwa ya kabla ya medali ya mwisho iliyochorwa, lakini yaweza kuwa ya miaka 40 baada yake, maana hakuna kiwanda kinachoacha kujisifia.

Namba ipi ni ipi

Piano moja inaweza kuwa na namba sita tofauti. Namba ya piano yenyewe huwa na tarakimu nne hadi saba na hugongwa au kuchapwa kwenye fremu karibu na pini zinazokaza nyuzi, juu ya mbao upande wa ndani, au mgongoni. Mara nyingi tarakimu zake mbili au tatu za mwisho zimerudiwa kwenye vipande vinavyotoka: kitufe cha kwanza, kifuniko, ubao wa mbele, miguu ya mtambo. Kiwandani walifanya hivyo ili vipande vya piano moja visichanganyike na vya jirani. Linganisha. Tarakimu za kitufe cha kwanza zikipingana na za fremu, huenda vitufe vimetoka piano nyingine, na ndiyo maana havikai sawa hata ukirekebisha vipi.

Namba kubwa iliyosimama ndani ya chuma chenyewe, imemwagwa pamoja nacho, ni ya kalibu au ya modeli, kwa hiyo utaikuta kwenye piano nyingi. Namba iliyo karibu na "Rd. No." ni ya usajili wa umbo Uingereza, mfululizo ulioanza 1884. Hataza za Uingereza kabla ya 1916 zilianza upya kila mwaka, ndiyo maana zinaandikwa na mwaka, mfano "1234 of 1897". Vitufe navyo vimepigwa namba 1 hadi 88, au 1 hadi 85. Piano ya vitufe 85 haijakatwa: inaanzia A ileile ya chini na kuishia A badala ya C. Kwa hiyo A ya katikati, ile ya kupimia sauti, ni kitufe cha 49 kwenye zote mbili.

Vifupisho vya Kijerumani vinasaidia kukadiria umri. "D.R.P." ni hataza ya dola ya Ujerumani, kuanzia 1877. "D.R.G.M." ni usajili mdogo wa kifaa, kuanzia 1891. "Gebr." ni ndugu, "Söhne" ni wana, "Nachf." ni mrithi wa kampuni, yaani mwenye jina alikwisha kuondoka. "Hof" mwanzoni mwa neno maana yake ni muuzaji wa nyumba ya mfalme. "Kreuzsaitig" ni nyuzi zinazopishana, za besi zikipita juu ya nyingine. "Panzer" ni deraya. Kwenye piano ni sifa ya fremu ya chuma inayofunika mpaka sehemu ya pini. "Made in Germany" ilitakiwa na sheria ya Uingereza ya 1887 kwa bidhaa za kuingia masoko yake.

Tuseme basi mlangoni pana jina la London, medali ya Paris 1889, mtambo wa Schwander, na kwenye chuma "kreuzsaitig" na "D.R.G.M." Hiyo ni piano ya Kijerumani iliyouzwa na duka la London, si ya kabla ya 1891, yenye mtambo ulionunuliwa Paris. Vipuri vya mtambo utavitafuta kwa jina la mtambo. Jina la mlangoni halitakupatia hata springi moja.

Noti inayoitwa B

Karibu na pini, kwenye mbao au kwenye chuma, piano nyingi zina herufi za noti ili aliyefunga nyuzi asipotee. Kwenye piano ya Kiingereza safu inasomeka A, A#, B, C. Kwenye ya Kijerumani inasomeka A, B, H, C. B ya Mjerumani ni kitufe cheusi, kile ambacho Mwingereza anakiita B bapa, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Kitufe cheupe kinachofuata ni H. Fundi asiyelijua hilo akakuta uzi umekatika kwenye alama B, atafunga waya na kuuvuta nusu toni nzima juu ya mahali pake. Waya mpya wa katikati unaweza kuhimili. Wa juu kabisa utakatika mkononi mwake, naye atalaumu waya.

Mkato wa kutambua: tafuta H. Ukiiona popote, B zote humo ndani ni za Kijerumani. Usipoiona, tafuta "Fis", "Cis", "Gis", yaani F, C na G za kupanda, au "Es" na "As", yaani E na A bapa. Hizo pia ni Kijerumani, na B yake ichukue hivyohivyo.

Kwenye piano ya Kifaransa utakuta Ut au Do, Ré, Mi, Fa, Sol, La, Si. Hapa wanakwaya wetu ndio hukwama, tena wale waliobobea. Kwaya za huku zimelelewa na solfa ambayo do inahama: wimbo ukiwa G, do ni G. Do ya Mfaransa haihami. Ut ni C siku zote, La ni A siku zote. Mwalimu wa kwaya akikusaidia kusoma alama, kubalianeni hilo kwanza.

Vialama vya oktava navyo vina mtego. Mjerumani anaandika c¹ kwa C ya katikati na a¹ kwa A ya kitufe cha 49. Programu za simu na maduka mengi ya mtandaoni huandika C4 na A4 kwa noti hizohizo, na C1 yao ni C ya chini kabisa ya piano. Ukiagiza uzi wa "C1" kwa kunakili alama ya ndani utaletewa uzi wa besi uliovikwa shaba, mrefu kuliko piano yenyewe inavyohitaji. Agiza kwa namba ya kitufe, ukihesabu kutoka kushoto, na ueleze kama jumla ni 85 au 88.

Sauti ambayo piano ilikusudiwa

Hapa ndipo uharibifu mwingi unapotokea, kwa sababu programu ya simu imewekwa A 440, yaani A ya kitufe cha 49 itikisike mara 440 kwa sekunde, na fundi anaifuata kama amri. Hiyo 440 ilikubaliwa kimataifa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kabla yake mambo yalikuwa hivi.

Ufaransa iliweka A 435 kwa sheria mwaka 1859, na mkutano wa Vienna wa 1885 ukaipitisha. Alama zake ni "A 435", "Diapason normal", "International pitch", au C 517.3, ambayo ni C ya sauti hiyohiyo. Ukikuta 870 kwenye kitu cha Kifaransa usishtuke: walihesabu mtikisiko wa kwenda peke yake na wa kurudi peke yake, hivyo 870 ni 435. Sauti hii iko senti 20 chini ya 440, senti ikiwa sehemu moja ya mia ya nusu toni.

Waingereza walitumia sauti ya juu ya A 452.5, au C 538, ambayo iko karibu senti 49 juu ya 440. Mwaka 1896 wakashuka hadi A 439, yaani C 522, na hiyo inaandikwa "New Philharmonic pitch". Tofauti yake na 440 ni senti 4, usiisumbukie.

Pia uma wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa noti moja kikigongwa. Ukipewa uma bila maelezo, soma namba kwenye shina lake. C 523.3 ni wa 440. C 512 ni wa maabara ya fizikia ya shule ya sekondari, na ukiutumia, piano nzima itakaa karibu senti 38 chini. Kwa somo la mawimbi ni mzuri. Kwa piano urudishe maabara.

Sasa upimaji. Weka programu kwenye 440. Zima nyuzi mbili za pembeni kwa felti ili usikie wa katikati peke yake, kisha pima A tano: kitufe cha 13, 25, 37, 49 na 61. Andika kila moja imepungua au imezidi senti ngapi. Usikimbilie hitimisho kabla ya kuangalia kalenda. Tabora kiangazi ni cha Mei hadi Oktoba, na kufikia Septemba hewa ni kavu kiasi kwamba ubao wa sauti hunywea, mgongo wake unashuka, na nyuzi zinalegea. Piano iliyoachwa kwenye 440 mwezi Machi yaweza kusomeka senti 15 au 20 chini mwezi Oktoba. Fundi akiona 20 anasema "hii ni ya 435", kumbe ni jua tu. Tofauti iko kwenye umbo la namba. Ukame hushusha sehemu ya katikati zaidi, besi na juu zikibaki karibu na mahali pake. Piano iliyowekwa 435 kwa makusudi huwa imeshuka sawasawa kote, tano zikipishana kwa senti chache. Kigoma, kando ya ziwa, hewa haikauki hivyo; shida yake ni kutu.

Kabla ya kupandisha, soma chuma. "Iron frame" peke yake haitoshi. Angalia kwa macho chuma kinaishia wapi: kikipanda mpaka juu na pini zikipita ndani yake au zikizungukwa nacho, fremu ni kamili. Kikiishia chini ya pini na mbao ya pini ikabaki wazi, hiyo si kamili, haijalishi mlangoni pameandikwa nini. Piano ya kisasa ina mvuto wa jumla wa tani 16 hadi 20 kwa nyuzi zaidi ya 200. Fremu isiyofika juu inaiachia mbao mzigo huo.

Ikiwa upungufu ni chini ya senti 10, tyuni moja kwa moja. Kati ya 10 na 30, fremu ikiwa kamili na nyuzi bila kutu nzito, pita mara mbili: mara ya kwanza kwa haraka, ukipitisha kila uzi juu ya lengo kwa karibu robo ya upungufu. Uliokuwa chini senti 20 uuache senti 5 juu. Wenzake wakikazwa utashuka wenyewe. Mara ya pili ndipo utyuni kwa utulivu. Kila pini, kabla ya kukaza, ishushe kidogo kwanza mpaka usikie uzi ukijinasua kwenye kutu, "tik". Ukikaza tu bila kushusha, uzi hukatikia pale ulipogandia.

Zaidi ya senti 30, au fremu isiyo kamili, au alama ya 435 pamoja na nyuzi za asili: usiipandishe kupita 435. Wala si aibu. Vinanda vingi vya umeme vina mpangilio wa kushusha sauti yote kwa hezi moja moja, na tarumbeta za kwaya zinaweza kuvutwa bomba lake kuu zikashuka senti 20. Mwambie mwalimu wa kwaya mapema, kabla hajakusanya kwaya, tarumbeta na kinanda siku ya sikukuu. Kwa piano ya 452.5, kuishusha mpaka 440 hakuivunji, ila sauti hupungua makali kidogo.

Namba za waya

Kwenye daraja la mti linalobeba nyuzi juu ya ubao wa sauti, kando ya pini, au juu ya chuma utaona 13, 13½, 14, 15 hadi 20 na zaidi, zikiongezeka kuelekea besi. Ni unene wa waya. Namba moja inashika kutoka noti ilipoandikwa mpaka inapoanza nyingine. Kwa vipimo vya Kijerumani 13 ni milimita 0.775, 14 ni 0.825, 15 ni 0.875, 16 ni 0.925, 17 ni 0.975, 18 ni 1.025. Kila nusu namba ni milimita 0.025. Kalipa ya plastiki ya sokoni haiwezi kuona tofauti hiyo, tumia maikromita. Pima katikati ya uzi palipo safi, usipime penye kutu wala palipozungushwa kwenye pini.

Tuseme uzi wa kitufe cha 49 umekatika. Penseli kwenye daraja inaonyesha 16 kwenye kitufe cha 46 na 15½ kwenye cha 51. Cha 49 kimo ndani ya 16. Maikromita kwenye jirani mzima inasoma 0.92: sawa. Ingesoma 0.97, ungejua fundi wa kabla alifunga alichokuwa nacho, na ungerudi kwenye 16. Waya mnene kuliko unaotakiwa unahitaji mvuto mkubwa zaidi kufika noti ileile, na hautasikilizana na wenzake wawili. Mwembamba utalia kama bati. Waya wa breki ya baiskeli ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa, haufai hata kwa siku moja.

Angalia pia mwisho wa chini. Mara nyingi waya mmoja unazunguka msumari wa chini ukarudi juu kuwa uzi wa pili, hivyo ukikatika unapoteza nyuzi mbili. Kwa pini ya milimita 7, acha sentimita 7 zaidi ya shimo: zitatosha mizunguko mitatu iliyobanana.

Neno "Trichord" ni nyuzi tatu kwa noti, "Bichord", mbili. Piano kubwa za Blüthner zenye neno "Aliquot" zina uzi wa nne sehemu ya juu ambao kinyundo hakiufikii. Haukusahauliwa na mtu. Usiukate.

Pini

Unene wake huandikwa 1/0, 2/0, 3/0 na kuendelea, kila hatua ikiongeza takriban sehemu ya kumi ya milimita. 2/0 ni karibu milimita 7. Ukikuta "3/0" kwa penseli kando ya pini moja, fundi aliyepita alishaibadilisha kwa sababu shimo lililegea. Kichwa kikiwa cha mstatili badala ya mraba, kama kwenye piano nyingi za zamani za Kiingereza, spana ya mdomo wa nyota italamba pembe zake. Tafuta mdomo wa mstatili.

Pini zinazorudi nyuma zenyewe Oktoba zijaribu tena Februari kabla ya kutangaza kwamba mbao imekufa. Na Tabora, ambako nta ya nyuki haikosekani, kuna atakayeshauri nta au mafuta kwenye pini. Pini inashika kwa msuguano wa mti. Ukiilainisha umeiua, na mafuta hayatoki tena.

Maneno ya mtambo na ya vipuri

Kitu kimoja kina majina mengi, na ndiyo sababu vipuri huja visivyo. Mbao ya pini Mwingereza huiita "wrest plank", Mmarekani "pin block", Mjerumani "Stimmstock", Mfaransa "sommier". Ubao wa sauti ni "Resonanzboden" au "table d'harmonie". Kizima sauti ni "Dämpfer" au "étouffoir". Pale kinyundo kinapoachiwa kabla ya kugusa uzi Mwingereza husema "set-off", Mmarekani "let-off".

"Overdamper" ni mtambo ambao vizima sauti viko juu ya vinyundo, vikisukumwa na safu ya waya wima zilizosimama mbele kama tundu la kuku. Felti ya kawaida ya kuzimia haipiti vizuri. Tumia kibano chembamba cha mbao au plastiki kinachofunguka chenyewe kati ya nyuzi, na usiinamishe hata waya mmoja, kwani ukipinda kizima chake hakitashuka. Na usikubali kulipwa kama piano ya kawaida. Kazi yake ni nyingi mara moja na nusu.

"Upright grand", "Cottage", "Boudoir" ni maneno ya kuuzia. "Celeste" au "Sourdine" kwenye pedali ni kitambaa cha felti kinachoshushwa kati ya vinyundo na nyuzi, ambacho nondo mara nyingi wamekwisha kukila. "Tropical" au "for extreme climates" ina maana zaidi: viungo vimekazwa kwa skrubu pamoja na gundi, hivyo tafuta skrubu kabla hujavuta chochote.

Penseli za waliotangulia

Ziko ubavuni mwa kitufe cha kwanza na cha mwisho, na kwenye mti wa vinyundo. "Gest." ni kifupi cha Kijerumani cha "imetyuniwa", Mfaransa huandika "accordé". Mwezi huenda umeandikwa kwa Kirumi: 12.IX.27 ni tarehe 12 Septemba 1927. Moja ya Kijerumani ina mkia mrefu wa kupanda na inafanana na 7 yetu. Saba yao ina mstari katikati. Mwandiko wa zamani wa Kijerumani unaonekana kama meno ya msumeno, usijilazimishe kuusoma, upige picha.

Msalaba au mduara wa chaki kando ya pini mara nyingi unaonyesha iliyolegea au uzi uliobadilishwa. Zihesabu. Zikiwa zimekusanyika upande mmoja, angalia nyuma ya mbao hapo kama kuna ufa au mchwa.

Vitufe vyeupe vyenye kiungo chembamba kati ya kichwa na mkia, na mistari hafifu kama ya mti, ni pembe za ndovu, pengine zilizopita Tabora hiihii kwenye misafara ya Bagamoyo. Usizitoe kuuza wala kuvusha mpaka bila kibali cha idara ya wanyamapori. Kipande kimoja cheupe kisicho na mistari huenda ni seluloidi: usiisogezee pasi wala kibiriti, inawaka kama petroli. Unga mweupe ubavuni mwa kitufe ni madini ya risasi yaliyooza. Ni sumu, ufute kwa kitambaa chenye maji, usiupulize, na unawe mikono kabla ya kula.

Ukimaliza, toa kitufe cha kwanza, na chini ya maandishi ya mwisho, bila kufuta ya mtu, andika kwa penseli hivi: 18.10.2025, Tabora, A 435, kiangazi, kitufe 49 waya 16 mpya, pini 52 na 53 zimelegea. Kisha kirudishe mahali pake na ukibonyeze mara mbili kuhakikisha hakikwami.